Malka Isiyo na Ng'ombe

Mmekuja tena na simu zenu. Haya, karibuni, kaeni, ila msikalie lile sanduku jekundu. Ndani mna negativu za harusi za wazazi wenu, pamoja na za harusi nyingine ambazo wazazi wenu hawapendi zitajwe.

Nasikia mmeunda kikundi. Vijana wa Garsen na Tarasaa, wapiga picha za mazingira, na mmeshapiga chapa fulana za kikundi kabla hamjapata picha ya maana hata moja. Mnataka mzee awape hekima ya kazi. Hekima sina. Nilipiga picha hapa Garsen mpaka macho yakakataa, na kilichobaki ni hasira, na hiyo nitawagawia kila mtu apate.

Mariamu, wewe uliyekaa hapo mbele, binti wa fundi baiskeli, wewe ndiye uliyenichokoza. Juzi ulinionyesha picha ya malka iliyo kando ya shamba la mke wangu. Nzuri, siwezi kukudhulumu. Maji yametulia, nyasi zimesimama, yangeyange wamejipanga kama wanangoja kuitwa majina. Nikakuuliza, kwani ng'ombe hukuwakuta? Ukacheka. "Walikuwapo, babu, na mchungaji amesimama katikati. Nimewafuta." Ukanionyesha ulivyofanya. Unapitisha kidole hivi, ng'ombe hayupo. Unapitisha tena, mtu hayupo. Simu ikajaza nyasi pale alipokuwa amesimama, nyasi ambazo Mungu hakuziotesha.

Wenzako wakasema huo ni ustadi. Mimi chakula cha mchana kilinishinda siku hiyo, muulizeni mke wangu, Mama Komora, aliyenipikia samaki nikamwacha paka ale.

Kwa wale waliokulia madukani wakidhani maziwa yanatoka kwenye pakiti, malka ni njia ya ng'ombe kufika mtoni. Sisi Wapokomo tunalima ukingoni, shamba limeshikana na shamba. Waorma wako huko nyikani na mifugo yao, na kiangazi kikikaza lazima washuke wanywe. Wazee wa pande zote mbili wakaacha mapengo kati ya mashamba. Pengo hilo halilimwi, halijengwi, hata likikaa mwaka mzima bila kuona kwato. Anayechunga hutuma neno kwanza kwamba kesho anateremka, na mwenye shamba hufunga kuku wake na kuwaita watoto. Ukiifunga malka, ng'ombe hawatakaa nyikani wakufie kwa adabu. Watapita kwenye mahindi, na baada ya mahindi watu huchukua mapanga na mikuki. Nyinyi mmezaliwa mkasikia habari hizo, sina haja ya kuzirudia.

Sasa nyamazeni niwasimulie mtu wa kwanza kuwafuta ng'ombe wa malka ile. Na huyo hakuhitaji hata simu.

Lakini kwanza mjue mimi mwenyewe nilikuwa nikiuza nini, msije mkadhani nawahubiria kutoka mimbarini. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na stendi ya basi. Ukutani niliangika pazia lililochorwa na fundi mmoja wa Malindi ambaye hakuwahi kuona theluji hata kwenye kalenda. Mlima wake ulikuwa kama ugali ulioepuliwa kabla ya kuiva. Chini ya mlima kulikuwa na maporomoko ya maji, nyumba yenye vigae vyekundu, na ziwa la buluu lenye bata maringo mmoja mwenye shingo iliyopinda kama mfereji wa bomba. Basi watu walikuwa wakitoka mashambani, wametembea katikati ya viboko na korongo na ndege ambao wazungu hupanda ndege kuja kuwaona, matope mpaka magotini, wanafika kwangu wananawa miguu, wanavaa viatu vya studio, halafu wanaomba, "Nipige na yule bata."

Nilimcheka kila mmoja wao, moyoni, kwa sababu mteja hachekwi usoni. Aliyenifundisha kazi, Fundi Kassim wa Malindi, alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mzito. Siku moja nilimwambia kwamba mandhari ya nje ni mazuri kuliko pazia, kwa nini tusiwatoe watu nje? Akanipiga kikofi cha kisogo. "Mteja hanunui alichonacho," akasema. "Mto anao. Theluji hana. Rudi kwenye chumba cha giza." Nikarudi, na katika miaka yote niliyofanya kazi sijaona mtu aliyevunja kanuni hiyo, awe mkulima wa Wenje au tajiri wa Nairobi, kama mtakavyosikia.

Kazi yenyewe nyinyi hamuijui na wala sitaraji mtaijua, lakini sikieni tu mpate la kuwasimulia wenzenu. Picha ya rangi ilipanda basi kwenda kusafishwa Malindi, na ikirudi mteja ameshanenepa. Nyeusi na nyeupe nilisafisha mwenyewe. Na maji ya kusafishia ni yapi? Ya Mto Tana, yale yale ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiosha picha kwa maji hayo, bibi harusi anatoka na ndui. Nilikuwa nayachota jioni, nayakoroga na kipande cha shabu, nayaacha tope litue chini, asubuhi nayamimina taratibu kwa kitambaa. Mkono ukitetemeka umelichafua pipa zima, anza upya. Filamu nazo unyevu wa hapa ulikuwa ukizila, kwa hiyo nilizihifadhi ndani ya debe la mchele mkavu. Lilikuwa wazo zuri mpaka wageni wa kanisa walipokuja ghafla na Mama Komora akachota mchele bila kuuliza. Mkebe wa filamu ukatokea kwenye sahani ya mwinjilisti. Yeye akadhani ni kiungo, akauonja kwa ulimi kwanza.

Barisa alicheka habari hiyo mpaka akakaa chini. Barisa alikuwa rafiki yangu, Muorma, mtu mrefu mkavu, aliyeteremsha ng'ombe wake kwenye malka yetu tangu baba yake akiteremsha. Kiswahili chake kilikuwa cha kujiokotea, lakini alikijua cha kumtosha. Nilimwambia mara moja, njoo nikupige picha pale malka na ng'ombe wako, bila malipo, niipachike dukani. Akanitazama kama nimetukana mama yake.

"Ng'ombe mimi naona kila siku," akasema. "Tena picha ni kuhesabu. Mtu akija hapa atasema moja, mbili, tatu. Ng'ombe hapana hesabiwa, inaisha."

"Basi wewe je, hutaki picha?"

"Mimi nataka. Mimi na ile bata."

Nikampiga. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mkononi, theluji nyuma, na maua ya nailoni mezani. Barisa wa nyika yote hiyo, na bata maringo anamchungulia begani. Aliipenda picha ile kupita kiasi. Muorma mwenzake akimtembelea, jambo la kwanza alikuwa akiitoa kwenye mfuko wa nailoni.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Wazazi wenu wamewaambia, sitarefusha. Barabara ikakatika huku na huku, chakula kikaja kwa helikopta, na mashamba yote yakawa mto mmoja. Studio yangu iliingia maji mpaka shingoni mwa bata maringo, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuogelea. Wakati wengine wanaokoa magodoro mimi nilikuwa juu ya meza nimejikunja na sanduku jekundu kichwani. Maji yalipopungua mifugo ikaugua. Barisa alizika ng'ombe, kama neno ni kuzika, maana wengine hapakuwa na mtu wa kuwazika. Alibakiwa na wachache. Sikumwuliza wangapi, na nyinyi msiniulize.

Hao wachache hawakuteremka mtoni mwaka uliofuata. Sababu yake iko wazi kwa mtu yeyote aliyezaliwa hapa. Kila bwawa na kila shimo la nyikani lilikuwa limejaa maji, ng'ombe watafuata nini mtoni? Malka ikapumzika. Nyasi zikapanda mpaka kifuani, mayungiyungi yakachanua kwenye vidimbwi, njia ya kwato ikafukiwa na tope jipya. Ilipendeza, nakubali.

Na hapo ndipo akaja Bwana Sogeeni.

Jina lake la kweli silitaji, yu hai na ana mawakili. Alikuwa Mkenya kama mimi na wewe, msomi wa Nairobi, amesomea sanaa huko ng'ambo, ana ndevu zilizokatwa kwa rula na kamera kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu. Alinikodi nimbebee hiyo miguu mitatu na nimwonyeshe mahali. Njia nzima alinieleza kwamba sanaa ya leo inamsaka binadamu arudi kwenye asili, kwamba tumeachana na ardhi, kwamba yeye anapiga picha ukimya. Mimi nilikuwa nimeachana na viatu tu, vilinaswa kwenye tope mahali fulani nyuma yetu.

Tulipofika malka akashika kichwa. Akasema hajawahi kuona mahali pasipoguswa namna hii. Nikamwambia pameguswa sana, hii ni malka, ni njia ya ng'ombe. Akauliza ng'ombe wako wapi. Nikasema wako nyikani, kuna maji, watarudi kiangazi. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura, akaanza kufungua kamera.

Tatizo lake likawa watu. Maana palikuwa na watu, mahali hapo pasipoguswa. Watoto walikuja kutazama, akawaambia sogeeni. Mzee mmoja alikuwa anategua mtego wa samaki, akaambiwa asogee. Mtumbwi ukapita na ndizi, akaupungia mikono usogee, kana kwamba mto unaweza kupanda ukutani ukangoja. Kila ukimya ulipokaribia kutulia, mtu mwingine anatokea ana shughuli zake. Watoto ndio waliompa jina, na hadi anaondoka mji mzima ulikuwa ukimwita hivyo, yeye akidhani ni salamu.

Wa mwisho alikuwa mke wangu. Mama Komora alikuwa kwenye shamba lake mwenyewe, ukingoni mwa malka, anapalilia mpunga, amejifunga leso nyekundu. Bwana Sogeeni akanong'ona niende nimwambie ainame nyuma ya nyasi, au aondoke kidogo, kwa sababu wekundu ule unaua kijani. Nikasema, hilo mwambie mwenyewe. Mimi nimemwoa, sijamnunua.

Akaenda. Nilimwona akieleza kwa mikono, upeo wa macho, mistari, mwanga. Mama Komora akamsikiliza mpaka mwisho, jembe begani.

"Mwanangu," akamwambia, "unataka mimi nitoke shambani kwangu ili uonyeshe watu shamba langu?"

"Si shamba, mama. Asili."

"Na huo mpunga, unafikiri asili ndiyo imeupanda kwa mstari?"

Lakini mgeni ni mgeni. Akafunga leso vizuri, akaenda kukaa na sisi nyuma ya kamera, akawasha moto, akaanza kuchoma samaki kwa ajili ya yule yule aliyemfukuza. Basi picha ile maarufu ilipigwa hivi: mbele ya kamera hakuna mtu, na nyuma yake tuko kijiji kizima, watoto wanakohoa kwa moshi, samaki wanachuruzika mafuta, na msanii amefumba jicho moja anasikiliza ukimya. Mpunga aliukata kwa kusogeza kamera kushoto.

Miezi ikapita. Akaniita Nairobi kwenye maonyesho yake, nauli akatuma, nikavaa suti ya harusi yangu. Nyumba kubwa, kuta nyeupe kama mochari. Watu wameshika glasi wanatembea polepole mbele ya picha kama wanakagua maiti ya jamaa. Yetu ilikuwa ukuta wa mbele, imekuzwa ukubwa wa mlango, na chini yake pameandikwa "Kabla ya Binadamu." Nikasoma mara mbili. Nilikuwa nimesimama pale pale, kabla ya binadamu, na miguu mitatu yake begani.

Bibi mmoja mwenye shanga nzito alisimama karibu nami akashusha pumzi. Akasema anausikia ukimya. Mimi nikasema nasikia harufu ya samaki. Akanitazama. Nikamweleza kwamba pale ni malka, mahali pa ng'ombe kunywa, na kwamba shamba la mke wangu linaanzia hapo picha inapoishia. Akatabasamu vizuri sana, akasema anapenda jinsi watu wa mashambani walivyo na hadithi kwa kila mahali, akaenda kujaza glasi.

Ndipo nikamkumbuka Fundi Kassim. Mteja hanunui alichonacho. Wale walikuwa na watu tele, foleni, majirani, kelele, kwa hiyo walinunua mahali pasipo na mtu, kama Barisa alivyonunua theluji. Tofauti ni moja, na shikeni hii kama hamtashika lingine. Mimi na bata maringo wangu tulidanganya, lakini kila mtu alijua. Hakuna aliyewahi kushuka basi Garsen akauliza ziwa la bata liko wapi. Uongo wa Bwana Sogeeni ulikuwa na maji ya kweli na nyasi za kweli, na ndiyo maana kulikuwa na watu wa kuuamini na kuupandia gari.

Nao wakaupandia gari. Kiangazi cha mwaka wa tisini na tisa kilitukuta na kijana mmoja mpole, shati lina mifuko kila mahali, wakala wa kampuni ya kambi za watalii. Kampuni yenyewe ilishakufa, iacheni ilale. Mmoja wa wakubwa zake aliiona picha ukutani Nairobi, akainunua, na akaamua kwamba kambi yake itakaa hapo hapo, mahema, gati la mashua, na seng'enge pande zote ili watalii wasisumbuliwe. Wasisumbuliwe na nani, kama hapana mtu? Swali hilo hakuna aliyeliuliza Nairobi.

Wakati huo mabwawa ya nyikani yalikuwa yamekauka. Barisa alikuja dukani kwangu vumbi mpaka kwenye kope. Hakucheka. Akasema ng'ombe walioponea maji mengi sasa wanakufa kwa kukosa maji, na malka nyingine iliyo wazi iko mbali, hawataifikia. "Wakifunga hii," akasema, "ng'ombe yangu itapita kwa shamba ya mama Komora. Mimi nitafanya nini? Nitasimama mbele? Yeye ni dada yangu." Mama Komora alikuwa ameketi hapo hapo. Akasema, "Na mimi nikiona mahindi yamelala nitachukua jembe, Barisa. Nakuambia mapema, usije ukanishangaa." Wakatazamana, watu waliokula pamoja miaka yote ile, na kila mmoja alijua mwenzake hatanii.

Watu wakanigeukia mimi. Wewe ni mpiga picha, walisema, toa picha ya ng'ombe kwenye malka tumwonyeshe. Nikafungua masanduku yote. Nikakuta ubatizo, pasipoti, harusi, maiti, mtoto na keki, mtoto na bata, mzee na bata, wapenzi na bata. Ng'ombe hakuna hata mmoja. Nani angelipia picha ya kitu anachokipisha njiani kila kiangazi? Ya Barisa ilikuwa moja tu, ile ya theluji, na nilikaribia kuipeleka nikaona haya.

Basi baraza likaitishwa, na yule kijana, kwa sababu kuna upepo karibu na maji, akasimamisha hema lake katikati ya malka. Mama Komora alimwambia siku hema linapigwa, hapo ni njia. Chifu naye akamwambia. Kijana akaonyesha ile picha, aliyokuja nayo imegandishwa kwenye mbao ukubwa wa mlango. "Njia iko wapi, mama? Nionyeshe hapa." Tukatazama. Kweli, haikuwapo.

Viti vikapangwa, chifu mbele, wazee wa Kipokomo huku na wa Kiorma kule, Barisa kati yao. Mimi nilikuwa nimekodiwa na kampuni kupiga picha za tukio. Kijana alieleza mambo ya ajira na asili isiyoguswa na amani ya wageni, akigusa picha kwa fimbo ndogo. Wazee wakasema yao. Yeye akasema anawaheshimu, lakini atafuata kinachoonekana.

Jua lilikuwa limepanda. Mama Komora akainuka, akabeba kiti chake, akaenda kukiweka shambani kwake. Mwanamke wa pili akafuata, wa tatu, kisha wazee wote wa pande mbili isipokuwa Barisa, kila mtu na kiti chake, taratibu, kama watu wanaohama kivuli. Chifu naye akakunja koti lake. Kijana akadhani wamekasirika, akawasihi wakae. Mama Komora akamwambia kwa upole wa kweli, "Sogea, mwanangu."

"Mama, tafadhali, kikao hakijaisha."

Ndipo tukasikia kengele za mti. Neno lilikuwa limetumwa tangu jana yake kama desturi, kila mwenye shamba analo, kuku wamefungwa, watoto wako ndani. Siku ile ilikuwa zamu ya Barisa kunywesha, na wanawe ndio walioteremsha. Vumbi likatokea juu ya nyasi, na mbele ya vumbi ng'ombe, mbavu nje, shingo zimenyooka. Nyinyi hamjui ng'ombe aliyekaa siku bila maji anavyokuwa akisikia harufu ya mto. Hapigani na mtu, hana habari na mtu.

Kijana akamkimbilia Barisa. "Mzee, ni wako hao? Wasimamishe."

Barisa alikuwa bado amekaa, fimbo magotini. Akaigeukia ile picha, akaitazama juu mpaka chini, hana haraka.

"Picha yako inasema hapa hapana ng'ombe," akasema. "Sasa mimi nasimamisha nini?"

Akainuka, akatoka njiani. Kijana naye akatoka, namshukuru Mungu, alikuwa na miguu mizuri. Hema likashuka kama shuka lililokatika kamba. Viti vya kampuni vikaenda mtoni na vingine havikurudi. Ile picha ilianguka kifudifudi, ikageuzwa, ikakanyagwa na kila kwato iliyokuwa na kiu, na wengine wakaachia kinyesi hapo hapo. Kisha wakanywa. Malka nzima ikawa kimya kweli, ila sauti ya kunywa.

Kamera ilikuwa shingoni mwangu na filamu bado ipo. Nikamwendea Barisa aliyesimama katikati ya ng'ombe wake majini. Nikamwuliza. Kuuliza, mnasikia? Nikamwambia, nipige?

Akaangalia vumbi lililokuwa bado limetanda. "Piga," akasema. "Leo hakuna mtu anaweza kuhesabu."

Picha ni hiyo hapo ukutani. Haina upeo wala mistari, na nusu yake ni vumbi. Nimeisafisha kwa maji ya mto ule ule na shabu.

Msidhani tulishinda vita kwa ng'ombe. Yule kijana alirudi tena na wenzake, mikutano ikafanyika, watu wa Garsen wakasimama na wa nyikani pamoja, chifu akakataa kuweka mkono, na mwishowe kampuni ikachoka na kiangazi chetu. Malka ikabaki. Lakini baada ya siku ile hakuna aliyethubutu tena kutuambia kwamba pale hapapiti kitu. Mbao ya picha Mama Komora aliiosha akaifanya mlango wa banda la kuku. Miaka baadaye Bwana Sogeeni alipita, ndevu zimeota mvi, akasimama mbele ya mlango ule wenye alama za kwato kila mahali, akasema hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya na anaomba ainunue. Mama Komora akamwambia asogee, kuku wanataka kuingia.

Barisa tulimzika nyikani, na ile picha ya bata maringo walimzika nayo kifuani, msiniulize kama dini inaruhusu. Ng'ombe wake wakazaana. Kiangazi hiki wameshuka tena, na mchungaji wao ni mjukuu wake, kijana mrefu mkavu vile vile, anayetuma neno siku moja kabla na kutusalimia akipita.

Ndiye uliyemfuta, Mariamu. Anaitwa Barisa, amepewa jina la babu yake, na alisimama wima kwa sababu alidhani unampiga picha. Mnasema simu hizo zinaweza kurudisha kilichofutwa. Basi iwashe, mimi nangoja.